Kitabu cha Senti Hamsini

Leo nataka tuzungumze juu ya mzigo ambao wanafunzi wetu wengi wa sekondari na vyuo wanaujua vizuri, yaani ile orodha ya maneno makubwa. Zimo tamathali za semi. Hizo tulizikariri kwanza kwa Kiswahili, tashibiha, sitiari, tashihisi, mubaalagha, takriri, halafu tukazikuta tena kwenye Kiingereza zikiwa na majina yenye asili ya Kigiriki na Kilatini. Zimo kasoro za hoja, ambazo siku hizi vijana wanarushiana kila wanapobishana. Na upo msamiati wa Kiingereza kizito, ule ambao mtu akiutamka darasani wenzake wanageuka kutazama ni nani aliyesema. Mwanafunzi anachukua daftari, anapiga mstari katikati, kushoto neno, kulia maana, anakariri mpaka usiku wa manane. Asubuhi ya mtihani anayo yote. Muhula ukiisha mengi yameshatoka kichwani, na yale yaliyobaki hajui ayatumie wapi.

Nina msimamo juu ya jambo hili, nao nausema mapema. Maneno haya yana thamani, na natamani kila kijana wetu ayajue. Ila hayamkai mtu mpaka ayakute yakifanya kazi ndani ya hoja nzima, hoja ambayo ndani yake kuna mtu anayetaka kitu na mwingine anayemkatalia. Mfano wangu nautoa Marekani, kwa mtoto ambaye hakuwahi kuketi kwenye dawati la shule hata siku moja.

Frederick Douglass alizaliwa mwaka 1818 hivi, katika jimbo la Maryland, akiwa mtumwa, mwana wa mtumwa. Tarehe yake ya kuzaliwa hakuijua maisha yake yote. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa Baltimore, mji wa bandari, nyumbani kwa Hugh Auld na mkewe Sophia, akawe mlezi wa mtoto wao. Bi Sophia hakuwa amezoea kumiliki mtu. Akaanza kumfundisha herufi, kisha maneno mafupi mafupi. Mumewe alipojua alimkataza palepale, na mtoto akisikia. Sababu aliyoitoa ni kwamba mtumwa akishajua kusoma hafai tena kuwa mtumwa, hatashikika.

Tusipite hapa haraka. Auld alitoa dai moja, kwamba kusoma humharibu mtumwa. Kutokana na dai hilo akafikia hitimisho lake: basi asisome. Yule mtoto alilisikia dai lilelile, akaliona ni kweli tupu, naye akafikia hitimisho lake mwenyewe: basi nitasoma. Hakulipinga dai hata kidogo. Aliona tu kwamba dai na hitimisho ni vitu viwili, na kwamba kati yavyo kuna jambo ambalo Auld hakulitamka, kwamba utumwa ni kitu cha kulindwa. Ukiliondoa hilo, dai linageuka na kumsaidia mtumwa. Walimu wa mantiki hutumia wiki nzima kufundisha kwamba kila hoja ina nguzo iliyofichika, na kwamba kazi ya kwanza ya msikilizaji ni kuitafuta. Huyu aliiona akiwa mtoto, kwa sababu maisha yake yalikuwa yameegemea pale.

Tangu siku hiyo akawa anaiba masomo. Akitumwa nje alibeba mkate, akawapa watoto wa kizungu maskini wa mtaani, nao wakamlipa kwa kumfundisha kusoma. Kuandika alianzia kwenye viwanda vya kutengeneza meli, ambako mafundi waliandika herufi kwenye mbao kuonyesha zitakwenda upande gani wa chombo. Akajifunza zile herufi chache. Kisha akawa akikutana na mvulana anayejua kuandika anamwambia, hata mimi najua kama wewe. Mvulana akisema hebu tuone, Frederick anaandika zile zake nne, halafu anamtaka mwenzake amshinde. Kila aliyekubali shindano alimwachia herufi mpya. Huyu alishajua namna ya kumfanya mtu atoe kitu kwa hiari, na wakati huo hata kuandika alikuwa bado hajamaliza kujifunza.

Alipofika miaka kama 12 alikuwa na senti 50 alizozipata kwa kung'arisha viatu. Alikuwa amewasikia watoto wa shule wakikariri vipande kutoka kitabu kiitwacho The Columbian Orator, akaenda akakinunua. Kitabu hicho kilikusanywa na mwalimu wa Boston, Caleb Bingham, na kilitoka mara ya kwanza mwaka 1797. Kinaanza kwa maelekezo ya namna ya kusema mbele ya watu, sauti na ishara za mikono, na kinachofuata ni hotuba na majibizano, ukurasa baada ya ukurasa. Yumo Cicero wa Roma, yumo Washington, yumo Pitt wa Uingereza. Hakikuwa kitabu cha kukariri majina ya tamathali. Mtoto aliyekisoma alijifunza swali la balagha kwa kumwona mtu akiliuliza bungeni.

Ndani yake kuna majibizano mafupi kati ya bwana na mtumwa wake. Mtumwa ametoroka mara ya pili na kukamatwa. Bwana anamlaumu kwa kukosa shukrani, halafu anamruhusu ajitetee. Hapo ndipo kazi inapoanza. Bwana anasema alimnunua kwa halali, na pesa alilipa. Mtumwa anauliza kama yeye aliulizwa ridhaa yake katika biashara hiyo. Bwana anajibu kwamba hakuwa na ridhaa ya kutoa, kwa kuwa haki ya kujiamulia alikuwa ameshaipoteza. Mtumwa anamsahihisha: alichopoteza ni uwezo, maana alitekwa kwa hila kwao Afrika, ila haki aliipoteza vipi? Bwana anarudi nyuma, anasema ni majaliwa ya Mungu mtu mmoja awe chini ya mwingine. Mtumwa anasema jambazi anayekuelekezea bastola kifuani naye anaweza kusema hivyohivyo. Na Mungu huyohuyo amempa yeye miguu ya kukimbilia. Bwana anakumbusha wema wake. Mtumwa anauliza ni wema gani aliotendewa yeye ambao ng'ombe wa shambani hawakutendewa, maana nao wanalishwa na wana zizi. Mwisho bwana anaishiwa, na anamwachia huru.

Nasi wa pwani hii, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuhitaji kuelezwa bwana yule alikuwa anatetea nini.

Sasa angalia yaliyomo katika kurasa hizo chache. Uwezo na haki vilikuwa vimechanganywa katika neno moja, na mtumwa akavitenganisha. Vitabu vya mantiki vina jina la kosa hilo, la kutumia neno lenye maana mbili kana kwamba ni moja. Hoja ya majaliwa ilikuwa pana mno, inamtetea bwana na inamtetea jambazi, na mtumwa akaonyesha upana wake kwa kuipeleka mahali ambapo bwana mwenyewe asingethubutu kuifuata. Hilo nalo lina jina. Lakini mtoto wa Baltimore hakuwa na jina lolote kati ya hayo. Alisoma majibizano yale tena na tena, na miaka mingi baadaye aliandika kwamba yalimpa ulimi: mawazo yaliyokuwa yakimpita kichwani na kufa kwa kukosa maneno sasa yalipata maneno. Laiti kila mwalimu wa lugha angelichukua hilo kama lengo la somo lake.

Na msamiati? Hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Frederick alikuwa akiwasikia wazungu wakitaja neno "abolition" kwa hasira au kwa hofu. Mtumwa akitoroka, au akimuua bwana wake, husemwa ni matunda ya neno hilo. Akataka kujua maana. Akafungua kamusi, ikamwambia ni kitendo cha kufuta jambo. Jambo gani? Kamusi haikusema. Kumuuliza mtu mzima aliogopa, kwa kuwa alihisi ni neno ambalo hawakutaka alijue. Akangoja. Siku moja akapata gazeti la mjini lililoandika juu ya maombi yaliyotoka majimbo ya kaskazini, kutaka utumwa ufutwe katika mji mkuu wa Marekani na watumwa wasiuzwe tena kutoka jimbo moja hadi jingine. Pale ndipo neno lilipofunguka. Alijua maana yake, alijua ni nani wanaolitumia, alijua kwa nini bwana zake wanalichukia, na alijua kwamba kuna watu mbali huko ambao hajawahi kuwaona na ambao wako upande wake. Mambo hayo manne yasingetoshea kwenye safu ya kulia ya daftari.

Ndiyo maana huwa nawashauri vijana waache kujifunza neno la Kiingereza likiwa peke yake. Ukikutana na neno gumu, lifuate kwenye gazeti, kwenye hukumu ya mahakama, kwenye hotuba. Jua linasemwa na nani akimwambia nani. Na wala usione haya kwamba Kiingereza kina maneno yanayohitaji kufafanuliwa, maana Waingereza wenyewe walipitia hapo. Kamusi yao ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, ya mwalimu Robert Cawdrey, ilitoka mwaka 1604 ikiwa na maneno kama 2,500, na kazi yake ilikuwa kuwaelezea wasomaji wa kawaida maneno magumu ambayo wasomi walikuwa wameyaazima kutoka Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiebrania. Mwingereza wa London naye alikuwa anabaki mdomo wazi mbele ya maneno hayohayo yanayomtisha mwanafunzi wa Tabora au Kakamega.

Turudi kwa Douglass. Alitoroka Septemba 1838, na Agosti 1841 akasimama kisiwani Nantucket mbele ya mkutano wa wapinga utumwa. Wakamchukua awe msemaji wao. Punde likazuka tatizo la ajabu. Alisema vizuri mno. Watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu hawezi kuwa alikuwa mtumwa, mtumwa hasemi hivi. Hata baadhi ya marafiki zake wa kizungu wakamshauri abakize lafudhi ya shambani kidogo, asionekane msomi sana.

Jiulize kasoro ya hoja hiyo iko wapi. Wale waliokuwa wakinong'ona walishaamua kwamba mtumwa ni mtu asiyeweza kufikiri. Anapotokea mtumwa anayefikiri, hawalitazami upya dai lao, wanamfuta yeye kwenye orodha ya watumwa. Kwa njia hiyo dai haliwezi kushindwa hata siku moja, kwa sababu kila ushahidi wa kulipinga unatupwa nje kabla haujasikilizwa. Na chini yake kuna duara jingine, ovu zaidi: sheria za majimbo mengi ya kusini zilikataza watumwa wasifundishwe kusoma, kisha kutojua kwao kusoma kukatolewa kuwa ushahidi kwamba hawafundishiki. Jibu la Douglass lilikuwa kuandika. Mwaka 1845 alitoa kitabu cha maisha yake, akataja majina ya bwana zake, majina ya mashamba na mahali yalipo, kila kitu ambacho mtu angeweza kwenda kukihakiki. Kwa kufanya hivyo alijiweka katika hatari ya kukamatwa na kurudishwa utumwani, akalazimika kuvuka bahari kwenda Ireland na Uingereza. Angeweza kusimama jukwaani akawaambia wapinzani wake hoja yenu inazunguka, akaketi chini. Angekuwa sahihi, na hakuna hata mmoja ambaye angebadili mawazo.

Hapa nawageukia vijana wa mijadala, na naomba mnisikilize kwa sababu nawapenda. Kutaja jina la kasoro si kujibu. Aristotle, karne ya nne kabla ya Kristo, aliorodhesha aina 13 za hoja potofu, sita zinazotokana na lugha na saba zisizotokana na lugha, na tangu hapo orodha imekua. Orodha hiyo ni nzuri. Lakini mwenzako akisema jambo, nawe ukamrushia jina la Kilatini na kuketi, hujamwonyesha alipoteleza. Mwonyeshe. Chukua hoja yake, iweke mahali pengine ambapo ubovu wake unaonekana, kama mtumwa yule alivyofanya kwa hoja ya majaliwa. Tena kuna jambo linalosahaulika mara nyingi: mtu anaweza kujenga hoja mbovu kwa ajili ya jambo la kweli. Ukishabomoa hoja yake umebomoa hoja, na jambo lenyewe bado linangoja kuchunguzwa. Na zaidi ya yote, zitafute kasoro hizo kwanza kwenye hotuba yako mwenyewe kabla hujaitoa, maana za mwenzako ni rahisi kuziona.

Sasa nifike Rochester, jimbo la New York. Wanawake wa chama cha kupinga utumwa cha mji huo walimwalika Douglass atoe hotuba ya sikukuu ya uhuru wa Marekani mwaka 1852. Sikukuu ni tarehe 4 Julai. Yeye alizungumza tarehe 5, katika ukumbi wa Corinthian. Sehemu ya kwanza aliwasifu waasisi wa taifa, akawasifu kwa moyo. Lakini sikiliza vimilikishi vyake. Anawaita wasikilizaji raia wenzake, halafu anasema baba zenu, uhuru wenu, sikukuu yenu. Zenu, wenu, yenu, mfululizo, kwa muda mrefu, bila kueleza. Msikilizaji makini anaanza kusikia kitu kabla hajaambiwa. Takriri ambayo sisi tumefundishwa kwa mfano mmoja wa mstari mmoja, hapa inabeba nusu ya hotuba.

Halafu anageuka. Anasema najua kuna mmoja wenu atakayenishauri nibishane zaidi na nilaumu kidogo. Hiyo ni mbinu ya zamani sana, ya kulitamka pingamizi la msikilizaji kabla yeye hajalitamka. Kisha anauliza, nibishane juu ya nini? Nithibitishe kwamba mtumwa ni mtu? Hilo limeshakubaliwa, tena na wenye watumwa wenyewe. Akataja sheria za Virginia: kulikuwa na makosa 72 ambayo mtu mweusi akiyatenda ananyongwa, na katika hayo ni mawili tu ambayo mzungu angenyongwa kwayo. Nani hutunga sheria ya kumwadhibu kiumbe asiyejua jema na baya? Sheria hizo zenyewe ni kukiri kwamba mtumwa ana akili na dhamiri na anawajibika kwa matendo yake. Akaongeza zile sheria za kukataza watumwa wasifundishwe kusoma na kuandika, akasema siku mtakaponionyesha sheria kama hizo juu ya wanyama wa porini, siku hiyo nitakubali kubishana kama mtumwa ni mtu.

Mbinu hii, ya kutangaza kwamba hutalisema jambo huku ukilisema, Wagiriki waliiita paralipsisi. Wanasiasa huitumia kila siku kwa mambo ya hovyo: sitaki kutaja wizi wa mpinzani wangu. Mikononi mwa Douglass ilikuwa na kazi halali kabisa. Angekubali kubishana kama mtumwa ni mtu, angekuwa amekubali kwamba swali liko wazi, kwamba kuna pande mbili zenye heshima sawa. Akikataa kubishana, wenye shaka watasema hana hoja. Paralipsisi ilimpa njia ya tatu, akatoa ushahidi wote bila kulipa swali lile heshima ya kuwa swali. Ukilielewa hilo umeielewa paralipsisi, na hutaisahau hata ukizeeka, kwa sababu sasa unajua inahitajika wapi.

Na maneno yake? Kiingereza cha hotuba ile ni kizito, sentensi ni ndefu, maneno ya asili ya Kilatini yamejaa. Lakini mengi ukiyaondoa kuna kitu kinapungua. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wanaopanda jukwaani kwenye ule mdahalo wetu wa miaka yote, elimu ni bora kuliko pesa. Neno kubwa likiondolewa, na sentensi ikabaki inasema kilekile, halikuwa na kazi. Likiondolewa ukajikuta unahitaji maneno sita kuziba nafasi yake, lirudishe, hilo ni lako.

Walimu mnaonisikiliza, kitabu cha Bingham na hotuba ya Rochester haki miliki zake zilishakwisha zamani, vinapatikana bure kwenye intaneti. Chukueni majibizano ya bwana na mtumwa. Andikeni ubaoni dai la kwanza tu la bwana, kwamba alimnunua kwa halali na pesa alilipa, na msisome zaidi. Waacheni wanafunzi wajibu, kwanza kwa Kiswahili, ili akili zao zisihangaike na lugha, kisha kwa Kiingereza. Wakimaliza, someni jibu la mtumwa, mwende dai la pili. Majina ya kasoro na ya tamathali wapeni mwishoni, wakiwa tayari wameshavitumia vitu hivyo kwa vinywa vyao. Baada ya hapo nendeni kwenye hotuba, na kwa kuwa ni ndefu, anzeni pale anapotaja Virginia.